Kibuyu Kizingitini kwa Kaijage

Bukoba, 18 Novemba 1958

Dada yangu mpendwa Verdiana,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, ila usingizi umenihama tangu chama kilipolikubali jina langu. Ndiyo, dada, usishike kichwa. Mdogo wako, yule uliyekuwa ukimpangusa kamasi kwa upindo wa kitenge chako, anataka kuingia Baraza la Kutunga Sheria kule Dar es Salaam. Uchaguzi ni Februari.

Kazi si ndogo. Mwenzangu tunayeshindania kiti ni Mwalimu Gaudiosus, na ukoo wao unaujua. Halafu wapiga kura wa huku kwetu wanahesabika, maana serikali inataka mtu awe na kipato kikubwa, au elimu ya juu, au cheo. Wewe humo, akina Placidius hawamo, mkulima wa kawaida hayumo. Hao wachache waliomo, wengi wao wanamtazama Mzee Kaijage, mtwazi mwenye ardhi kubwa kuliko wote, usoni kabla ya kufungua midomo. Akikohoa, wanakohoa.

Kwa hiyo nina ombi. Mwambie jirani yetu Placidius akukamulie pombe ya rubisi kwa ndizi alizotuachia baba yetu, tata, zile mbire za nyuma ya nyumba, kisha umpelekee Kaijage kibuyu kimoja kizuri. Kipeleke wewe mwenyewe, mchana, watu wakiwepo, waone kwamba nyumba yetu inamheshimu. Najua utakaloniambia: tata alikufa bila kumpelekea mtwazi yeyote kibuyu, kwa sababu kibanja chetu ni cha ukoo, hakimo katika nyarubanja, zile ardhi za watwazi. Lakini wewe ni mwanamke, dada. Kibuyu cha utwarwa, cha kujiweka chini ya mtwazi na kumtolea fungu, hupelekwa na mrithi. Kibuyu cha mwanamke ni salamu tu, hata mtoto anajua.

Nikiingia Barazani, neno langu la kwanza litakuwa nyarubanja. Nataka mtwarwa wa Karagwe avune kahawa yake ailaze ndani kwake, asigawane na mtu aliyekaa kibarazani anapepea nzi. Hilo nakuapia kwa kaburi la tata.

Mdogo wako akupendaye,
Cassian


Chonyonyo, 7 Desemba 1958

Mdogo wangu Cassian,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku kadhaa dukani kwa Shabani pale Kayanga, maana watu wote wako vilimani wanakimbizana na senene. Nimekukaangia wengine, ila ukichelewa kuja nitawala mwenyewe na hutakuwa na la kusema.

Kwanza nilicheka. Halafu nikakaa mlangoni nikalia kidogo. Tata angekuwepo angejifanya hajasikia, kisha angezunguka kijiji kizima anamsimulia kila mtu.

Rubisi imetoka nzuri. Placidius ameikamua kwa miguu yake yenye nyufa, nikamwambia aoge kwanza, akasema ladha iko kwenye nyufa. Nilichagua kibuyu cha shingo ndefu, nikaziba mdomo kwa jani bichi la mgomba, nikakitwika kichwani hadi kwa Kaijage. Sikuficha uso. Niliwakuta wazee wengi kibarazani, hata karani wa baraza la gombolola alikuwepo.

Nilidhani atamwita mke wake akipokee. Lakini aliinuka mwenyewe, mwili wote ule, akaja hadi kizingitini. Akaniambia nikiweke chini palepale. Akachota, akanywa yeye kwanza, ndipo akawapa wengine. Akauliza kwa sauti, "Hii ni ya kutoka kibanja cha Rwezaura?" Nikasema kwa heshima ndiyo, waitu, ni ya mbire za marehemu. Akafurahi sana. Akasema mwambie Cassian alale usingizi.

Njiani niliingiwa na shaka kidogo, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyopokea vibuyu vya watwarwa wao. Nikajisemea, acha ushamba, Verdiana, wewe ni mwanamke. Basi lala usingizi, kama ulivyoambiwa. Na usisahau ulichoniapia. Unajua mimi sina pa kwenda pengine. Mume wangu alipokufa kule Igurwa, shemeji zangu walinitoa hata kabla udongo wa kaburi haujakauka, kwa vile sikuwaachia mtoto. Nilirudi kwa tata, na kibanja hiki ndicho mume wangu sasa, ndicho mtoto wangu.

Dada yako,
Verdiana


Bukoba, 23 Februari 1959

Dada,

Shikamoo! Nimeshinda, na nimeshinda vizuri. Hata Gaudiosus amekuja kunishika mkono. Ninapokuandikia watu wananiimbia nje na mmoja ameshavunja kiti cha mwenye nyumba.

Mshukuru Shabani. Amesafiri siku nzima kuja kupiga kura, tena kura yenyewe ya mitihani: lazima umchague Mwafrika, na Mzungu, na Mhindi, ukiacha mmoja kura yako imeharibika. Anasema alitia alama zote tatu, kisha akazihesabu tena.

Nashuka Mwanza kwa meli, kisha treni. Nitakuandikia kutoka Dar es Salaam. Ile rubisi yako, dada, imefanya kazi kuliko hotuba zangu zote.

C. Rwezaura,
Mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria


Chonyonyo, 19 Mei 1959

Mdogo wangu Mheshimiwa,

Naona siku hizi unajitia sahihi kwa cheo. Haya, cheo ni chako, umekitolea jasho. Lakini soma barua hii kama Cassian.

Juzi nilikuwa naanua kahawa kwenye mkeka, akaja Ndyamukama, yule anayemkusanyia Kaijage fungu lake kwa watwarwa. Alikuja na mifuko mitupu. Nikadhani amepotea njia. Akasema amefuata fungu la mzee, kwa sababu kibanja hiki sasa kimo katika nyarubanja ya Kaijage. Nilimfukuza kwa ufagio, na sitaungama dhambi hiyo kwa padri yeyote.

Kesho yake nikaitwa gombolola. Kaijage anasema nyumba ya Rwezaura imekubali utwarwa mbele ya mashahidi: kibuyu kilifika mchana, kimezibwa jani bichi, kikawekwa kizingitini, akanywa yeye kwanza, na mleta kibuyu akatamka mbele ya karani kwamba kimetoka kibanja cha Rwezaura. Yote hayo ni kweli! Nilikaa pale nasikiliza kama mtu anayesomewa misa ya maziko yake mwenyewe.

Na kisha? Sheria yao inasema mtwarwa akiwa mwanamke asiye na mume wala mtoto wa kiume, mtwazi anaweza kumwondoa akaweka mtu mwingine. Anachokitaka najua. Barabara mpya ya kahawa inapita pembeni mwa migomba yetu na yeye anataka kujenga ghala.

Lakini wazee wa baraza wamesema kesi haijaisha, kwa sababu ya jambo moja tu. Kibuyu cha utwarwa hupelekwa na mrithi, na mrithi wa Rwezaura ni wewe. Ukija ukasema, "Ile ilikuwa salamu ya dada yangu, mimi sikumtuma," kesi imekufa hapohapo. Neno lako tu. Najua uliniandikia, lakini mkono uliobeba ni wangu na rubisi niliikamulisha mimi, utakuwa hujasema uongo mkubwa. Mungu atatusamehe wote wawili.

Njoo, Cassian. Makaburi ya tata na mama yako humu ndani.

Dada yako,
Verdiana


Dar es Salaam, 16 Juni 1959

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na imenihuzunisha. Hata hivyo nakusihi usilitazame jambo hili kwa hasira. Mzee Kaijage ni mtu wa busara, na pengine Ndyamukama alizidisha maneno.

Kwa sasa siwezi kutoka. Vikao vimebana na nimo katika kamati. Juma lililopita nilisimama nikazungumzia barabara za Karagwe, watu wakapiga meza. Ungekuwepo ungefurahi.

Shauri langu: mpe Kaijage fungu dogo la kahawa msimu huu, kwa amani tu. Halina maana yoyote. Mambo haya makubwa yana wakati wake, na nyarubanja haiondolewi kwa ufagio.

C. Rwezaura,
Mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria


Chonyonyo, 4 Julai 1959

Cassian,

Nikimpa hata punje moja nimekubali. Hilo unalijua vizuri kuliko mimi, wewe uliyesoma. Kwa nini unaniambia halina maana?

Shabani hununua gazeti kila linapofika, anatusomea dukani kwa sauti. Tumesikia barabara. Tumesikia pia daraja na posta. Nikamwomba arudie mwanzo, labda ameruka mstari. Mkewe, Mwanamisi, akaniambia kwa upole, "Hakuna nyarubanja humo, Verdiana. Tumeshatafuta." Niliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, nikakutetea. Nikasema mdogo wangu anapima maji kabla ya kuvuka.

Mimi sikukuandikia kuomba shauri. Shule niliiacha mimi ili wewe uende. Kahawa ya kibanja hiki ndiyo iliyokuvalisha kaptura yako ya kwanza, na likizo ulipokuwa unarudi unanifundisha herufi, ulikuwa unachora kwa mwiba juu ya majani ya migomba hiihii. Nakuomba neno moja. Kesi itasikilizwa Agosti mwishoni.

Dada yako,
Verdiana


Dar es Salaam, 3 Agosti 1959

Dada,

Umenichoma moyo. Nakuja. Nitakuwepo siku ya kesi. Usimwambie mtu yeyote neno la kusema, mambo yote niachie mimi.

Cassian


Chonyonyo, 17 Agosti 1959

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Barua hii naituma kwa dereva wa lori la Shabani ikukute Bukoba utakaposhuka melini. Ni ya kukuambia tu kwamba njaa uje nayo, usile njiani.

Nimepaka nyumba udongo mweupe. Kitanda cha tata nimekianika juani, kunguni wamehama. Beberu yule mkorofi anayevunja kamba nimemkatia hukumu tayari. Wanawake wa Jumapili, wale ninaowafundisha kusoma baada ya misa, wanatunga wimbo wa kukupokea, na Kemirembe amekuwekea jina lako katikati, sauti inapopanda. Placidius ameoga bila kuambiwa.

Nilikuwa nimeanza kukuwazia vibaya, nisamehe. Nilisahau kwamba damu ni nzito kuliko maji.

Dada yako,
Verdiana


Chonyonyo, 6 Septemba 1959

Kwa Cassian Rwezaura,

Nataka nikuandikie ulichokisema, kwa sababu labda ulipokuwa unakisema hukujisikia.

Uliingia gombolola kwa gari la Kaijage. Nikajipa moyo: lori limeharibika njiani, wamemwokota. Ulivaa suti nyeusi. Hukuniangalia. Nikasema anaona haya ya kulia mbele ya watu, tangu utotoni yuko hivyo. Unaona jinsi nilivyokuwa nakufungulia kila mlango mwenyewe.

Mzee wa baraza akakuuliza kibuyu kile kilikuwa cha nani. Ukakohoa. Ukasema, "Kilikuwa changu. Nilikituma mimi, kama mrithi wa Rwezaura. Dada yangu alikibeba tu."

Kemirembe alinishika mkono akanifinya hadi kucha zikaingia, na mimi nilikuwa nangoja umalizie. Nilidhani liko neno lingine nyuma, kwamba ulituma kama salamu, au kitu chochote. Ukakaa. Kaijage akakupa kitambaa chake ujifute jasho.

Ndipo nikakumbuka barua yako ya kwanza. Mchana. Watu wakiwepo. Uende wewe mwenyewe. Ulijua! Hukuteleza, Cassian, wala hukutishwa mwaka huu. Kibanja ulikiuza Novemba, kabla sijachagua kibuyu, na bei yake ilikuwa kiti cha Barazani. Ulimtuma dada yako abebe kichwani hati ya kumfukuzia yeye mwenyewe, tena atembee nayo kwa madaha. Na mimi nilikwenda nimejipaka mafuta.

Uliondoka na gari lilelile. Beberu alikuwa ameiva. Nilirudi nikakuta wanawake wamekaa na wimbo wao mdomoni, nikawagawia nyama, wakala kama walio kwenye msiba. Sahani yako niliiacha mezani hadi asubuhi. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Nimepewa muda wa kuhama hadi kahawa iliyo mitini iishe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo yenyewe niliifuma.

Verdiana


Dar es Salaam, 12 Desemba 1959

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Siku ile sikukuangalia kwa sababu ningekuangalia nisingeweza.

Ni kweli, nilikubaliana na Kaijage. Bila yeye Gaudiosus angekuwa hapa leo, na Gaudiosus ni mtu wa watwazi, hafichi. Nilifikiri hivi: kibanja kimoja, changu mwenyewe cha urithi, kitolewe kafara ili siku moja vibanja vyote vya Karagwe viwe huru. Mtu anaweza kutoa kilicho chake kwa ajili ya watu wote. Najua nyarubanja bado sijaisema. Kaijage ananiangalia. Lakini hilo linakwisha, na ndiyo sababu ya barua hii.

Mwakani kuna uchaguzi mwingine, na masharti yanabadilika. Mtu yeyote mzima anayejua kusoma na kuandika Kiswahili atapiga kura, hata mwanamke, hata asiye na kipato. Nimelisemea jambo hilo hapa kwa nguvu zangu zote, na katika yote niliyofanya ndilo ninalojivunia. Sitamhitaji tena Kaijage. Nitakuwa huru kusema.

Wewe sasa unayo kura, dada. Na wale wanawake wa Jumapili uliowafundisha, wote wanazo. Najua wanakusikiliza. Nakuomba uwaambie habari zangu. Nikirudi Barazani kwa kura zenu, kibanja cha tata ndicho nitakachoanza nacho, nitakurudishia hata ikibidi nipige magoti. Nisamehe.

Mdogo wako,
Cassian


Kayanga, 31 Desemba 1959

Cassian,

Barua yako imenikuta Kayanga, katika chumba cha nyuma ya duka la Shabani. Mwanamisi amenipa kitanda na hataki kusikia habari ya kodi. Migomba ya upande wa barabara imeshakatwa. Makaburi hayajaguswa, nimeomba wayaache, wamesema wataona. Nimekata tawi la ule mti wa mramura uliopandwa kichwani pa kaburi la tata nikalipanda hapa uani. Limeshika.

Unasema ulitoa kilicho chako kwa ajili ya watu wote. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa humo. Hao watu wote ni akina nani, kama mimi simo? Na ungekuja ukaniambia, "Dada, tukitoe," huenda ningekubali, mjinga mimi, ningekipeleka kibuyu nikijua ninachobeba. Hukuniuliza. Kaijage alinichukulia kibanja, lakini yeye hakuwahi kuniita dada.

Habari ya kura Shabani ametusomea. Nilifurahi, sitakuficha. Kwa hilo ulilosema huko, asante. Ni zuri kweli, na mwiba wako juu ya majani ya mgomba ndio ulioanzisha.

Wanawake wanakuja hapa uani kwa Mwanamisi kila Jumapili, wametoka Chonyonyo na wengine Ihanda, na wameongezeka. Umeniomba niwaambie habari zako. Nimewaambia zote, tangu mwanzo, sikuacha hata jani la kuzibia kibuyu. Kemirembe akauliza jina lako linaandikwaje. Nikaliandika ubaoni kwa herufi kubwa, wakalinakili polepole mpaka wote wamelijua, ili siku ile ikifika asitokee mmoja wetu akalitilia alama kwa bahati mbaya.

Verdiana binti Rwezaura